Miezi minne na miwani ya uhalisia pepe: fundi seremala aliyeegemea meza isiyokuwepo

Nianze na aibu, maana ndiyo iliyonisukuma kuandika. Wiki ya tatu tangu nianze kutumia miwani hii, ile inayokufunika macho na kukuonyesha vitu vilivyochorwa kwa kompyuta kana kwamba umesimama kati yake, nilikuwa nakagua meza niliyoichora usiku uliotangulia: meza ya watu sita, kimo sentimita 76, miguu inayopungua unene kadiri inavyoshuka. Nilichuchumaa nione mguu unavyoingia kwenye fremu. Nikaridhika. Wakati wa kuinuka nikafanya kile ambacho magoti ya miaka 51 yameshazoea kufanya bila kuniuliza: niliweka kiwiko juu ya meza nijisukume.

Nilikwenda chini kama gunia. Rimoti ya mkono wa kulia ilipiga sakafu ikapata ufa, na bega liliniuma siku nne.

Bega lilipona. Kilichobaki kunisumbua ni kwamba meza ile niliichora mimi. Kila kipimo chake nilikiandika kwa mkono wangu, mbao zake zilikuwa bado zimeegemezwa ukutani hazijaguswa na msumeno. Hakuna aliyejua vizuri kuliko mimi kwamba meza ile haipo, na bado niliikabidhi uzito wangu wote.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anaishi kwetu na anasoma falsafa mwaka wa pili. Alikuja mbio.

"Mjomba! Kuna nini?"

"Meza imenikimbia."

Alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akauliza, "Kwa hiyo Mjomba uliamini pana meza?"

"Sikuamini."

"Sasa uliegemea nini?"

Swali hilo limekaa nami miezi minne, kwa hiyo mapitio haya yatakuwa na mambo mawili yaliyoshikana kama ulimi na tundu lake. Anayetaka habari za kifaa tu nitamhudumia kwanza. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu ninayoyasema yanazihusu miwani nyingi za aina hii, na kuanguka lilikuwa kosa langu.

Nilinunua kwa ajili ya kazi. Mteja ukimwonyesha mchoro wa karatasi anaitikia kwa adabu, kisha kabati likishafungwa ndipo anagundua kwamba mlango wake unagonga kitasa cha dirisha. Kwa miwani unamwingiza chumbani kwake kabla hujakata hata ubao mmoja. Mzee mmoja aliivaa, akanyoosha mkono kufungua droo ya juu, akasema taratibu, "Fundi, bega langu halifiki hapa. Ishushe." Tukaishusha sentimita 10 kwa kidole, pale pale. Kwenye karatasi asingeiona kamwe. Kwa hilo peke yake kifaa kimejilipa.

Uzito ni kama nusu kilo na karibu wote uko mbele, juu ya mashavu. Mkanda uliokuja nacho ni mwepesi mno. Niliushonea kifuko kidogo chenye uzito nyuma ya kisogo ndipo shingo ikatulia. Betri hukaa kama saa mbili. Jasho likianza, lenzi hushika ukungu. Usipange umbali wa lenzi kwa kubahatisha: pima nafasi kati ya mboni zako mbili. Kwa watu wazima wastani ni milimita 63 hivi, mimi nina 66, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyonipa kichwa kuuma wiki nzima ya kwanza. Programu ya samani ina kasoro inayonichoma kifundi: nyuzi za mbao zimebandikwa kama karatasi ya zawadi. Ukitazama ncha ya ubao, pale pa kuonyesha miduara ya umri wa mti, unakuta michirizi ile ile ya ubavuni imekunjwa kona. Mti wa namna hiyo haujawahi kuota.

Na picha yenyewe? Si kali kama watu wanavyodhani. Ukikaza macho unaona vitone. Nilipoelewa kwa nini inadanganya hata hivyo, ndipo swali la mpwa wangu lilipoanza kuniingia. Kila jicho lina picha yake, zinatofautiana kidogo kama macho yanavyopishana, na ubongo unaziunganisha ukapata kina. Halafu picha inachorwa upya mara 90 kwa sekunde ikifuata kichwa chako. Wahandisi wanapigania muda kati ya kugeuza shingo na picha kugeuka uwe chini ya milisekunde 20 hivi, maana ukizidi sana tumbo linachafuka. Basi siri haiko kwenye uzuri wa picha. Iko kwenye utii wake. Ukiinama, kitu kinakuonyesha uvungu wake. Ukikizunguka, kinakupa mgongo. Kitu kinachokutii hivyo mwili unakihesabu kuwa kipo, hausubiri ruhusa yako.

Mtu aliyelifikiria hili mapema ni Ivan Sutherland, Mmarekani mtaalamu wa kompyuta. Mwaka 1965 aliandika kuhusu chumba ambamo kompyuta ingetawala kuwepo kwenyewe kwa maada, kiti kitakachoonyeshwa humo kiwe cha kukalika. Mwaka 1968 akaonyesha kifaa chake cha kuvaa kichwani, kilichounganishwa na darini kwa mkono wa kufuata mienendo ya kichwa, na kilichoonekana ndani yake ni mistari mitupu. Kifaa changu kimepiga hatua kubwa kuliko hicho. Kwenye kukalika bado, bega langu ni shahidi.

Sasa ubao.

Pamoja na programu za kazi ulikuja mchezo mmoja maarufu wa namna yake: unapanda lifti, mlango unafunguka, mbele yako pana ubao umechomoza hewani juu ya jengo refu, na chini kabisa magari kama siafu. Kazi yako ni kutembea mpaka mwisho wa ubao. Mimi nilianza kwa dharau. Nyuzi za ubao ule ni zile zile za kubandika. Haukushikiliwa na chochote, hauna msumari wala boriti, na haupindi hata kidogo ukiukanyaga; ubao wa urefu ule ungeonyesha tumbo hata paka akipita. Nilimwambia mpwa wangu makosa yote hayo kwa sauti, huku miwani ikiwa usoni. Naye akanijibu, "Nimekusikia Mjomba. Tembea basi."

Miguu ilikataa. Si kwamba niliogopa kisha nikasita. Niliiamuru miguu na miguu haikwenda. Magoti yalitetemeka, viganja vikalowa. Nilikuwa nimesimama kwenye sakafu ya karakana yangu, nasikia harufu ya gundi yangu mwenyewe.

Halafu nikaongeza ujinga. Nilichukua ubao wa kweli nikaulaza sakafuni mahali pale pale ulipo ubao wa kuchorwa, ili unyayo uusikie ukingo. Hapo nilikwenda kwa magoti. Baadaye mpwa wangu aliniambia jambo hilo limeshapimwa: huko Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, watafiti waliwasimamisha watu kwenye ukingo wa shimo la kuchorwa lenye kina cha mita 6 hivi, wakapima mapigo ya moyo, na yalipanda. Walipoweka chini ya miguu ukingo wa mbao wa kweli wenye unene wa inchi moja na nusu, yakapanda zaidi. Inchi moja na nusu ya ukweli ikaukuza uongo wa mita 6.

Hapo ndipo mpwa wangu alipotoa daftari. Alikuwa na kazi ya kuandika: je, hisi ya ndani yaweza kuthibitisha kwamba vitu vipo nje ya akili? Kwanza akanirekebisha, maana mimi nilidhani anazungumzia machale. "Machale ni ya kujua mteja huyu atakusumbua," akasema. "Hii ni nyingine. Ni jambo kukubainikia kuwa ni kweli, papo hapo, bila kulifikia kwa hoja." Nikamwelewa kwa mfano wangu: ubao wa kwanza ukiwa mrefu kuliko wa pili, na wa pili mrefu kuliko wa tatu, sihitaji futikamba kujua wa kwanza unauzidi wa tatu. Basi watu wengi husema hivyo hivyo kuhusu kiti: kipo, na nikitoka nikafunga mlango kitaendelea kuwepo. Hakuna aliyeifikia imani hiyo kwa hoja. Tumejikuta nayo.

Swali ni kama kujikuta nayo ni ushahidi.

Kabla ya kuanguka ningesema ndiyo bila kupepesa. Kazi yangu ni vitu. Mbao zinanibishia siku nzima: fundo likikutana na randa, randa inaruka. Nilipoambiwa kuwa Samuel Johnson, mwandishi Mwingereza, mwaka 1763, aliposikia hoja za mwanafalsafa Askofu Berkeley kwamba hakuna maada nje ya kutambuliwa na akili, alilipiga teke jiwe kubwa mpaka mguu ukarudi nyuma akasema anazikanusha hivyo, nilimpenda mtu huyo papo hapo. Nikamwambia mpwa wangu huyo angefaa kuwa fundi.

"Lakini Mjomba," akasema, "Berkeley hakukataa kwamba jiwe ni gumu mguuni. Alisema ugumu wenyewe ni kitu kinachohisiwa. Sasa teke limemwongezea nini?"

Sikupenda, lakini nilikuwa na kiwiko changu cha kukumbuka. Tuseme miaka ijayo watengeneze koti la kunisukuma kiwiko kila ninapogusa meza ya kuchorwa. Nitaegemea, nitainuka, nitakwenda zangu nikiwa nimeridhika kabisa. Teke la Johnson ndani ya koti hilo lingefaulu vile vile.

Kuna mwingine ambaye mpwa wangu hampendi na mimi nampenda: G. E. Moore, mwanafalsafa Mwingereza. Mwaka 1939, mbele ya British Academy, chama cha wasomi cha Uingereza, alitoa hoja ya kuthibitisha ulimwengu wa nje kwa kuinua mkono: huu hapa mkono mmoja, na huu hapa mwingine, basi vitu vya nje vipo walau viwili. Watu mpaka leo wanabishana kama alikuwa anatania. Hakuwa anatania, na alikiri wazi kwamba hawezi kuthibitisha kuwa huo ni mkono. Alisema tu kwamba anajua, na kwamba mtu anaweza kujua jambo asiloweza kulithibitisha.

Nilikwenda kuijaribu hoja hiyo ndani ya miwani. Ina kamera za nje zinazofuata vidole, kwa hiyo rimoti unaweza kuziweka kando. Nikainua mikono miwili mbele ya uso. Nikaona glovu mbili za rangi ya samawati zenye vidole vitano vitano, zikikunjika nilipokunja. "Huu hapa mkono mmoja," nikasema. Na hisi ya ndani ikaitikia mara moja: ndiyo, wangu. Wa samawati! Wakati huo huo haikuwa imesema uongo mtupu, maana mikono ni miwili kweli na ilikuwa pale pale nilipoiona. Ilikuwa sahihi kuhusu idadi na mahali, ikakosea rangi na ngozi. Mwaka 1998 watafiti Botvinick na Cohen walionyesha kitu cha namna hiyo bila kompyuta yoyote: ficha mkono wa mtu, weka wa mpira mbele yake, vipapase vyote viwili kwa brashi kwa pamoja, na baada ya muda wengi wanahisi brashi ikiwapapasa kwenye ule wa mpira. Hakuna anayeamini kwamba mpira umekuwa mkono wake. Anahisi tu.

Hapo nikapata jibu la swali la kwanza, uliegemea nini. Kuna mimi ninayesema "hakuna meza" na kuna kiwiko, na kiwiko hakihudhurii vikao vyangu. Mpwa wangu akaniambia mwanafalsafa David Hume alishayasema hayo karibu miaka mia tatu iliyopita: kuuliza kama vitu vipo au havipo ni kazi bure, maana asili haikutuachia hiari ya kuamini au kutoamini, kilichobaki ni kuuliza kinachotufanya tuamini. Ndivyo magoti yangu yalivyokuwa juu ya ule ubao. Ila nisichoweza kukiruka ni hiki: kama jambo linaniaminisha kwa nguvu ile ile lisemapo kweli na lisemapo uongo, nguvu yake haiwezi kuwa ushahidi. Fundi mwenye kuapa kwa sauti kubwa kila siku, unamsikiliza vipi siku anayosema kweli?

Na wazee walikuwa wameshaliona hilo. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, mwishoni mwa karne ya 17, aligawa ujuzi kama sisi tunavyogawa misumari kwenye makopo: kuwepo kwangu mwenyewe nakujua kwa hisi ya ndani moja kwa moja, kuwepo kwa Mungu kwa hoja, na vitu vingine vyote kwa milango ya fahamu tu. Kwa maneno mengine kiti hakimo kwenye kopo la kwanza. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Kiislamu, alikuwa ameligusa karne nyingi kabla yake, kwa mfano nilioupenda kuliko yote. Fikiria mtu ameumbwa mara moja, yuko hewani, macho yamefunikwa, viungo vimeachanishwa visigusane. Haoni, hagusi. Je, atakuwa na shaka kwamba yeye yupo? Hapana. Lakini hatathibitisha mkono wala kitu chochote cha nje. Mimi huyo mtu nimeshakuwa, kwa sekunde tano kila asubuhi: zile sekunde unapovaa miwani na picha haijawaka. Giza tupu, mikono haionekani, sauti zimezibwa. Nipo. Zaidi ya hapo sina la kuapia.

Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, mwaka 1641 alijaribu kutoka gizani humo. Alianza na ndoto, akaongeza mdanganyifu mwenye uwezo mkubwa, na alipotaka kuurudisha ulimwengu alisema ana mwelekeo mkubwa wa kuamini kwamba hisia zake zinatoka kwenye vitu. Mwelekeo huo ndio hisi yetu ya ndani. Ila hakuuacha usimame peke yake; alisema Mungu aliyempa mwelekeo huo si mdanganyifu. Mpwa wangu analiweka hivi: hisi ya ndani ni mkopaji, na Descartes alijua hakopesheki mpaka aletewe mdhamini. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu wa karne nyingi kabla yake, alikuwa ameshapita njia inayofanana. Aliona macho yanaionyesha nyota ndogo kama dinari, na hesabu inasema ni kubwa kuliko dunia. Akauliza, kama akili imeyaumbua macho, ni nani atakayeiumbua akili? Akakaa katika shaka hiyo karibu miezi miwili. Anasema kilichomtoa si hoja, ni nuru ambayo Mungu aliitupa kifuani mwake. Nilipenda uaminifu huo. Alipona, na hakudai kwamba amethibitisha.

Mimi sikukubali kushindwa upesi, kwa sababu nina pima maji, kile kifaa chenye kiputo cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa.

Wenye kazi hii wanajua: kifaa kingi unakikagua kwa kifaa kingine kilicho bora zaidi, ila pima maji inajikagua yenyewe. Unailaza juu ya meza ya kazi, unasoma kiputo. Kisha unaigeuza pale pale, ncha ya kulia iwe kushoto, unasoma tena. Masomo mawili yakilingana, kifaa ni kizima, hata kama meza imeinama. Yakitofautiana, kifaa kina kasoro, na nusu ya tofauti hiyo ndiyo kasoro yenyewe. Hukuhitaji pima maji ya pili wala fundi mkuu. Nikamwambia mpwa wangu, kwa nini hisi ya ndani isigeuzwe hivyo hivyo? Tazama kiti, kisha fumba macho ukipapase. Tazama ndani ya miwani, kisha vua. Uliza mwenzako. Masomo yakilingana, hisi ni nzima, na hukumhitaji mdhamini wa nje.

Alinyamaza kwa muda mrefu kidogo. Niliona kalamu imesimama, nikajiona nimeshinda.

"Mjomba, wakati unaigeuza pima maji, meza inakuwa wapi?"

"Iko pale pale."

"Umejuaje?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Njia yangu yote inasimama juu ya jambo moja ambalo sikulisema: kwamba meza inatulia wakati siisomi. Kama meza inainama kila nikigeuza kifaa, masomo mawili yanaweza kukubaliana kwenye uongo. Sawa na kusema pana kitu kinachobaki vile vile, nje yangu, katikati ya kutazama kwa kwanza na kwa pili. Na hicho ndicho nilichokuwa nimeahidi kukithibitisha. Nilikiingiza kwa mlango wa nyuma kama mbao mbovu chini ya mbao nzima.

Basi jibu langu ni hapana: hisi ya ndani haithibitishi. Lakini nilimwachia neno moja ambalo hajaliondoa. Bila meza iliyotulia nisingeweza hata kusema pima maji ina kasoro. Masomo mawili yasiyolingana yangekuwa masomo mawili tu. Naita lile anguko kosa kwa sababu sakafu ilinipokea. Anayesema huenda vitu vyote ni kama meza ile, yeye sakafu yake iko wapi ya kumwambia kwamba meza ile ni ya uongo? Akanijibu kwamba hilo linaonyesha tu kuwa siwezi kuzungumzia kosa bila kuchukulia kwamba pana vitu. Halionyeshi kuwa vipo. Nami nikamwambia kwamba mtu akishindwa hata kueleza shaka yake bila kusimama juu ya kile anachokitilia shaka, hilo si dogo. Tumebaki hapo. Chai imepoa mara nyingi juu ya jambo hili.

Nirudi kwenye kifaa nisije nikalaumiwa. Ukitaka kuwaonyesha wateja kazi kabla ya kukata, nakupa nyota 5. Kwa kupima, 2: kipimo cha ndani ya programu kiliniongezea sentimita nzima kwenye ukuta wa mita tatu, kwa hiyo futikamba isitoke mfukoni. Kwa kuvaa muda mrefu, 3. Ule mpaka wa mistari ya mwanga unaojitokeza ukikaribia ukuta unafanya kazi vizuri, ila unalinda dhidi ya kuta zilizopo tu. Dhidi ya meza zisizokuwepo hauna msaada, na kampuni ingeweza angalau kuandika onyo hilo kwa herufi kubwa kwenye boksi. Ipo pia hali ya kuona chumba chako kupitia kamera za nje. Itumie unapoinuka. Mara ya kwanza nilipoiwasha nilisema, "Afadhali, sasa naona karakana yenyewe," mpwa wangu akakohoa kidogo, nikakumbuka kwamba bado natazama kioo kilicho sentimita chache kutoka machoni.

Rimoti iliyopasuka bado inafanya kazi. Nimeizungushia utepe mweusi.

Mpwa wangu aliandika kazi yake na pima maji akaiweka ndani, ukurasa mzima. Ilirudi wiki iliyopita na alama nzuri. Pembeni ya ukurasa ule mwalimu wake aliandika kwa kalamu nyekundu: "Mjomba wako aliigeuza lini ya kwake mara ya mwisho?"

Nilipoinunua niliigeuza. Hiyo ni miaka 19. Nilishuka karakana, nikailaza juu ya meza ya kazi, nikasoma, nikaigeuza, nikasoma tena. Nikarudia mara tatu. Inakosea karibu milimita moja kwa kila mita, na makabati niliyofunga wiki ile yameshakabidhiwa mwenyewe.